Chuo Kinapofungwa Masomo Yakiendelea: Funzo kwa Wazazi na Vijana Wanaochagua Chuo

Kila mwaka matokeo ya mtihani wa KCSE yanapotangazwa, kuta za vituo vya matatu na nguzo za umeme kando ya barabara hujaa matangazo ya vyuo. Tangazo moja linaahidi diploma kwa muda mfupi, jingine linaahidi kazi baada ya kuhitimu, na jingine linaonya kwamba nafasi zinakaribia kujaa. Mzazi aliyeuza ng'ombe au kukopa katika chama ili apate karo huyasoma matangazo hayo akiwa na matumaini makubwa. Lakini kuna swali ambalo wazazi wengi hawaliulizi: je, chuo hiki kitakuwa bado kimesimama siku ambayo mtoto atamaliza masomo?

Swali hilo si la kubuni. Nchini Marekani, katika kipindi cha miaka michache baada ya 2010, makampuni makubwa yaliyomiliki mamia ya vyuo yalianguka, na makumi ya maelfu ya wanafunzi wakajikuta nje ya milango iliyofungwa. Kisa chao kimechunguzwa na kuandikwa kwa kina, na kina mafunzo kwa mkazi wa kaunti yoyote ya Kenya anayetaka kulipa karo.

Malengo ya somo

Baada ya kusoma makala haya, msomaji ataweza:
1. Kueleza jinsi chuo kinachoendeshwa kwa faida kinavyopata na kutumia pesa.
2. Kutambua dalili za chuo kinachoelekea kuanguka.
3. Kuuliza maswali yanayofaa kabla ya kulipa karo.

Chuo cha faida ni kipi?

Si kila chuo cha kibinafsi ni chuo cha faida. Kuna vyuo vilivyoanzishwa na makanisa, misikiti au wakfu. Pesa zinazobaki katika vyuo hivyo baada ya matumizi hurudi chuoni kununua vitabu, kujenga madarasa au kuwasaidia wanafunzi wasiojiweza. Chuo cha faida, kwa upande mwingine, ni biashara yenye wenyewe. Pesa zinazobaki ni za mmiliki au za wenye hisa.

Jambo hilo pekee si kosa. Vipo vyuo vya aina hiyo ambavyo vimefundisha vizuri kwa miaka mingi na kuwapa watu ujuzi wa kujikimu. Tatizo huanza pale ambapo faida ya mwenye chuo haitegemei tena mafanikio ya mwanafunzi.

Jinsi vyuo hivyo vilivyokua Marekani

Shule za ufundi na ukarani za watu binafsi ni za zamani nchini humo. Chuo cha Heald, kwa mfano, kilianza San Francisco mwaka 1863. Lakini biashara hiyo ilipanuka serikali ilipoanza kulipia masomo. Mwaka 1944 ilipitishwa sheria ya kuwalipia karo wanajeshi waliokuwa wakirudi kutoka Vita vya Pili vya Dunia, na shule nyingi za kibinafsi zikaibuka kufuata pesa hizo. Mwaka 1972 mlango ulifunguliwa zaidi, wanafunzi wa vyuo vya faida walipopanuliwa nafasi ya kupata misaada na mikopo ya masomo ya serikali kuu.

Mwaka 1976, John Sperling, aliyekuwa mhadhiri, alianzisha University of Phoenix kwa ajili ya watu wazima waliokuwa kazini. Wazo lake lilikuwa zuri: masomo ya jioni, na baadaye masomo ya intaneti, kwa watu ambao vyuo vya kawaida viliwasahau. Mwaka 1994 kampuni iliyomiliki chuo hicho iliingia katika soko la hisa. Makampuni mengine yakafuata njia hiyo hiyo. Uchumi ulipodorora mwaka 2008 na watu wengi kupoteza kazi, walikimbilia vyuo kutafuta ujuzi mpya. Kufikia 2010, University of Phoenix ilikuwa na zaidi ya wanafunzi 450,000. Kwa jumla, vyuo vya faida nchini humo vilikuwa na takriban wanafunzi milioni 1.7 wa shahada ya kwanza na kozi za chini yake.

Aliyetazama kutoka nje aliona mafanikio makubwa: majengo mapya, matangazo kwenye televisheni, na idadi ya wanafunzi iliyokua kila mwaka.

Pesa zilitoka wapi, na zilikwenda wapi?

Sehemu kubwa ya pesa hizo haikutoka mifukoni mwa wanafunzi. Mwanafunzi alisaini mkopo wa serikali kuu, pesa zikaenda moja kwa moja chuoni, na deni likabaki kwa mwanafunzi. Sheria ya nchi hiyo iliruhusu chuo cha faida kupata hadi asilimia 90 ya mapato yake kutoka katika misaada hiyo. Kwa miaka mingi, pesa za karo za wanajeshi na waliostaafu jeshi hazikuhesabiwa katika kiwango hicho, kwa hivyo vyuo vilikuwa na sababu ya kuwasaka wanajeshi hasa. Pengo hilo lilizibwa kwa sheria ya mwaka 2021.

Mwezi Julai 2012, kamati ya Seneti ya Marekani chini ya Seneta Tom Harkin ilitoa ripoti kuhusu makampuni 30 ya vyuo vya faida. Kati ya kila dola 100 zilizoingia, makampuni hayo yalitumia takriban dola 22 kwa matangazo na kuandikisha wanafunzi wapya. Takriban dola 19 zilikuwa faida. Takriban dola 17 tu ndizo zilizotumika kufundisha.

Ripoti hiyo ilionyesha pia kwamba makampuni hayo yalikuwa na zaidi ya watu 35,000 wa kuandikisha wanafunzi, lakini takriban watu 3,500 tu wa kuwasaidia wanafunzi kutafuta kazi. Hiyo ni sawa na watu kumi wa kumwingiza mwanafunzi kwa kila mmoja wa kumsaidia kupata kazi. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Matokeo yalionekana katika madeni. Vyuo vya faida vilikuwa na takriban asilimia 13 ya wanafunzi wote wa vyuo, lakini karibu nusu ya watu wote walioshindwa kulipa mikopo ya masomo walikuwa wamesoma katika vyuo hivyo. Zaidi ya nusu ya wanafunzi waliojiunga na makampuni hayo katika mwaka wa masomo wa 2008 hadi 2009 walikuwa wameacha masomo bila cheti kufikia katikati ya 2010.

Siku 21 zilizoangusha kampuni

Kampuni ya Corinthian Colleges ilianzishwa California mwaka 1995. Ilikua kwa kununua vyuo vya wengine, na mwaka 2010 ilinunua Heald, chuo kilichokuwa na karibu miaka 150. Kufikia 2014 ilikuwa na zaidi ya kampasi 100 na takriban wanafunzi 72,000. Kila mwaka ilipokea takriban dola bilioni 1.4 za misaada na mikopo ya serikali kuu.

Oktoba 2013, Mwanasheria Mkuu wa jimbo la California wakati huo, Kamala Harris, aliishtaki kampuni hiyo kwa kuwadanganya wanafunzi kuhusu nafasi za kazi. Wizara ya Elimu nayo ilidai stakabadhi za kuthibitisha takwimu ambazo kampuni ilitangaza kuhusu wahitimu waliopata kazi. Stakabadhi zilipochelewa, mwezi Juni 2014 wizara iliamua kwamba malipo kwa kampuni hiyo yangesubiri siku 21 kabla ya kutolewa.

Ni wiki tatu tu. Lakini kampuni iliyopokea zaidi ya dola bilioni moja kwa mwaka haikuwa na akiba ya kuivusha wiki hizo tatu. Ikalazimika kukubali mpango wa kuuza au kufunga vyuo vyake. Zaidi ya kampasi 50 zilinunuliwa na shirika lisilo la faida. Mwezi Aprili 2015, wizara iliitoza kampuni faini ya karibu dola milioni 30 kwa takwimu za uongo katika vyuo vya Heald. Uchunguzi ulibaini kwamba Heald kiliwahi kulipa mawakala wa ajira ili wawaajiri wahitimu wake kwa muda mfupi ndani ya kampasi zake chenyewe, wahamishe kompyuta na kupanga nyaya. Wahitimu hao wakahesabiwa kuwa wamepata kazi katika taaluma zao.

Jumapili ya Aprili 26, 2015, kampuni ilitangaza kwamba kampasi zake 28 zilizobaki zingefungwa kesho yake. Takriban wanafunzi 16,000 walikuwa katikati ya masomo. Baadhi yao walikuwa wamebakisha muda mfupi tu wamalize.

Mwaka uliofuata ilikuwa zamu ya ITT Technical Institute, chuo cha kiufundi kilichokuwa na zaidi ya kampasi 130 katika majimbo 38. Agosti 2016, Wizara ya Elimu ilikizuia kusajili wanafunzi wapya wanaotumia misaada ya serikali kuu na kukitaka kiweke dhamana kubwa zaidi ya kifedha. Septemba 6, 2016, kilifunga milango. Takriban wanafunzi 40,000 walikosa chuo, na zaidi ya wafanyakazi 8,000, wakiwemo walimu, walipoteza kazi.

Si kila chuo kilianguka kwa kufungwa na serikali. Uchumi ulipoimarika, watu walirudi kazini na idadi ya wanafunzi wapya ikapungua. Vyuo vikuu vya umma navyo vikaanza kufundisha kwa intaneti kwa bei nafuu. University of Phoenix ilibaki na wanafunzi chini ya 150,000 kufikia mwisho wa 2016. Kaplan University nayo ilinunuliwa na chuo kikuu cha umma cha Purdue kwa dola moja tu, na mwaka 2018 ikageuzwa kuwa Purdue University Global. Wanafunzi wa Kaplan waliendelea na masomo. Mfano huo unaonyesha kwamba chuo kinaweza kufikia mwisho wake kama biashara bila wanafunzi kuachwa barabarani, ikiwa kuna mpango uliowekwa mapema.

Wakaguzi walikuwa wapi?

Mzazi atauliza: je, vyuo hivyo havikuwa na kibali? Vilikuwa nacho. Nchini Marekani, ubora wa vyuo hukaguliwa na mashirika ya ithibati, na bila ithibati chuo hakipati pesa za serikali kuu. Shirika moja, lililojulikana kwa kifupi kama ACICS, lilitoa ithibati kwa ITT na kwa vyuo vingi vya Corinthian. Shirika hilo liliendeshwa kwa ada za vyuo ambavyo lilivikagua. Corinthian ilianguka ikiwa bado na ithibati hiyo.

Mwaka 2016 Wizara ya Elimu iliondoa utambuzi wa ACICS. Ulirudishwa mwaka 2018, kisha ukaondolewa tena Agosti 2022. Funzo ni kwamba kibali ni hatua ya kwanza tu. Kibali kinasema chuo kiliruhusiwa kufungua milango. Hakisemi kitaendelea kufundisha mpaka lini, wala hakisemi wahitimu wake wanapata kazi gani.

Wanafunzi walibaki na nini?

Mwanafunzi wa chuo kilichofungwa alikuwa na njia mbili ngumu. Njia ya kwanza ilikuwa kuomba deni lake lifutwe. Sheria iliruhusu hilo kwa aliyekuwa bado anasoma chuo kilipofungwa, au aliyeondoka muda mfupi kabla. Lakini kufutiwa deni kulimaanisha kuanza masomo upya. Njia ya pili ilikuwa kuhamishia masomo aliyokwisha kufanya katika chuo kingine na kumaliza kozi hiyo huko. Akifanya hivyo, alipoteza haki ya kufutiwa deni. Isitoshe, vyuo vingi vya umma vilikataa kutambua masomo ya vyuo hivyo, kwa hivyo njia hiyo ilikuwa imezibwa kwa wengi.

Waliokuwa wamehitimu zamani walikuwa na hali ngumu zaidi. Walikuwa na vyeti vya chuo ambacho jina lake sasa lilikuwa aibu mbele ya mwajiri, na madeni yaliendelea kudaiwa. Februari 2015, watu 15 waliosoma katika vyuo vya Corinthian walitangaza hadharani kwamba hawatalipa mikopo yao. Wengine wengi waliwaunga mkono. Ilichukua miaka saba. Juni 2022, Wizara ya Elimu ilitangaza kufuta madeni ya watu 560,000 waliosoma katika vyuo vya Corinthian, jumla ya dola bilioni 5.8. Agosti mwaka huo, ilifuta dola bilioni 3.9 za watu 208,000 waliosoma ITT.

Madeni yalifutwa, lakini miaka haikurudi. Kijana aliyeingia chuoni akiwa na umri wa miaka 19 alikuwa karibu na 30 alipopata haki yake.

Hali ya Kenya: yanayofanana na yanayotofautiana

Kenya haina mfumo uleule. Hapa, familia nyingi hulipa karo ya vyuo vya kibinafsi kutoka mfukoni, kwa harambee, kwa chama au kwa basari. Tofauti hiyo inamweka mzazi katika hatari kubwa zaidi. Pesa iliyolipwa taslimu haina deni la kufutwa. Chuo kikifungwa, kuirudisha pesa hiyo ni safari ndefu, na mara nyingi mwenye chuo hapatikani.

Yanayofanana pia yapo. Kuanzia 2016, serikali kuu iliwapeleka baadhi ya wanafunzi katika vyuo vikuu vya kibinafsi kwa ufadhili wake. Mfumo mpya wa ufadhili ulipotangazwa mwaka 2023, ruzuku za serikali zilielekezwa kwa wanafunzi wa taasisi za umma. Chuo chochote kinachotegemea mfereji mmoja wa pesa hutikisika mfereji huo ukigeuzwa.

Kenya ina sheria za kumlinda mwanafunzi. Sheria ya Elimu na Mafunzo ya Kiufundi na Kiufundistadi ya 2013 iliunda mamlaka ya TVETA, ambayo husajili na kukagua vyuo vya kiufundi. Ni kosa kuendesha chuo cha aina hiyo bila usajili. Vyuo vikuu viko chini ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Serikali za kaunti, kwa mujibu wa Ratiba ya Nne ya Katiba, husimamia vyuo vya ufundi vya vijijini. Vyuo hivyo ni vya umma, karo yake ni nafuu, na haviwezi kufungwa kwa sababu mwenye hisa amekosa faida.

Maswali saba kabla ya kulipa karo

Mzazi na kijana wanashauriwa kwenda chuoni wenyewe, siku ya masomo, na kuuliza maswali haya:

1. Je, chuo kimesajiliwa? Jina la chuo litafutwe katika orodha ya TVETA au ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Nakala ya cheti iliyobandikwa ukutani haitoshi. Muda wa cheti na kampasi iliyotajwa pia viangaliwe.

2. Je, kozi yenyewe imeidhinishwa? Chuo kinaweza kuwa na usajili huku kozi moja ikikosa idhini. Kwa kozi za uuguzi, Baraza la Wauguzi la Kenya liulizwe.

3. Nani anatahini? Mtihani wa shirika la kitaifa kama KNEC, TVET CDACC, NITA au KASNEB utabaki na thamani hata chuo kikifungwa. Cheti kinachotolewa na chuo chenyewe pekee kinategemea jina la chuo hicho.

4. Wahitimu wa mwaka jana wako wapi? Mzazi aombe kuzungumza na wawili au watatu, si kuonyeshwa picha zao. Ikumbukwe jinsi wahitimu wa Heald walivyohesabiwa.

5. Walimu ni wangapi, na wanalipwa? Walimu wanaobadilika kila muhula ni dalili ya mapema kuliko zote.

6. Karo inalipwaje? Ilipwe kwa muhula, kupitia akaunti ya benki ya chuo, na risiti ihifadhiwe. Punguzo kubwa kwa atakayelipa mwaka mzima mara moja huenda likawa ishara kwamba chuo kinahitaji pesa za haraka.

7. Chuo kikifungwa, masomo ya mwanafunzi yatahamishiwa wapi? Mkuu wa chuo mwenye mpango atajibu bila kukasirika.

Mwanafunzi ambaye tayari yuko chuoni naye ana jukumu. Kila mwisho wa muhula achukue nakala ya matokeo yake iliyopigwa muhuri na kuihifadhi nyumbani, pamoja na barua ya kujiunga na risiti zote. Chuo kikifungwa ghafla, nakala hizo zinaweza kuwa ushahidi pekee kwamba aliwahi kusoma.

Hitimisho

Corinthian haikuanza kufa siku ambayo milango ilifungwa. Ilianza kufa miaka kadhaa mapema, pale kuandikisha mwanafunzi mpya kulipoanza kuleta faida kubwa kuliko kumfundisha aliyekuwepo. Dalili ya mvua ni mawingu, na mawingu yalikuwepo: matangazo mengi, walimu wachache, takwimu za kazi zisizo na ushahidi, na pesa zinazotoka mahali pamoja. Mzazi anayeyatazama mawingu hayo kabla ya kulipa hamkatishi mwanawe tamaa. Anahakikisha kwamba ng'ombe aliyeuzwa ameuzwa kwa ajili ya ujuzi, si kwa ajili ya karatasi.

Wakazi wenye shaka kuhusu chuo chochote wanahimizwa kufika katika ofisi ya elimu ya kaunti au ofisi ya wadi iliyo karibu nao kabla ya kulipa, si baada ya kulipa.

Maswali ya majadiliano katika baraza, chama au darasa

1. Kwa nini siku 21 bila malipo ziliweza kuiangusha kampuni yenye zaidi ya kampasi 100?
2. Heald kilikuwa na zaidi ya miaka 150 kilipofungwa. Je, umri wa chuo unatosha kumpa mzazi imani?
3. Kuna tofauti gani kati ya chuo kuwa na kibali na chuo kufundisha vizuri?
4. Taja chuo kimoja ambacho vijana wa eneo lenu hujiunga nacho, kisha mpitie pamoja maswali saba yaliyo hapo juu. Ni maswali mangapi mnayoweza kuyajibu leo?